Shemeji anasema nawapigia makofi wauaji

SWALI

Assalaam aleikum mshauri,

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, makazi yangu sasa ni Swindon, Uingereza. Mimi na kijana wangu wa miaka 15 tumeshikwa na ndege. Kila Julai tunakwenda maonyesho makubwa ya ndege ya Fairford, na mwaka mzima tunasimama uzioni mwa viwanja vya ndege tukipiga picha na kuandika namba za mkiani. Sasa mambo matatu yamenikaa kooni.

La kwanza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Upande wa mama yao ni watu wa Yemen. Aliziona tiketi za mwaka huu mezani akasema, "Utakwenda tena kuwapigia makofi wauaji." Nikamjibu kwamba mabomu ya siku hizi hayakosei, na kwamba wanaopigwa ni magaidi. Aliinuka akaenda zake, chakula kikabaki. Tangu siku hiyo ananiitikia salamu tu, basi.

La pili, mke wangu anahofia ugaidi. Anasema pale umati ni mkubwa mno, tusiingie ndani. Tukae barabarani, kule mwisho wa njia ya kurukia ndege, ambako watu ni wachache na tena ni bure.

La tatu, polisi walimsimamisha kijana uzioni akiwa na lenzi ya milimita 500, skana (redio ya kusikilizia mazungumzo ya marubani) na daftari. Walizitazama picha, wakaandika jina lake, wakamwachia. Desemba tunakwenda Mombasa, naye anataka kubeba vitu vyote hivyo pamoja na droni, apige picha uwanja wa ndege wa Moi.

Je, niache kabisa mambo haya? Na shemeji nimwambie nini?

Mpenda ndege, Swindon

JIBU

Waaleikum salaam, ndugu yangu.

Nianze na la mkeo, kwa kuwa ndilo linaloweza kumwua mtu Julai hii. Hofu yake ina msingi, lakini mahali anapotaka mkae ndipo pabaya zaidi.

Katika maonyesho yanayofuata kanuni, rubani hupewa mstari wa kufuata angani, sambamba na mstari wa watazamaji. Kona zake hukatwa kuelekea upande usio na watu, ili injini ikizima au ndege ikivunjika, vipande viendelee na mwendo wake mbali na umati. Mwendo huo ndio unaoua. Ndege ya tani 8 inayokwenda kilomita 600 kwa saa haianguki wima kama nazi; hutupwa mbele kule ilikokuwa ikielekea. Sasa jiulize inaelekea wapi: kwenye ncha mbili za ule mstari. Yaani pale pale mwisho wa njia ya kurukia, barabarani, penye watazamaji wa bure.

Shoreham, kusini mwa Uingereza, tarehe 22 Agosti 2015, rubani wa Hawker Hunter, ndege ya kivita ya zamani, aliingia kwenye kitanzi, yaani kuzungusha ndege wima angani, akiwa chini mno na mwendo wake ukiwa mdogo. Alipofika kileleni alikuwa na futi 2,700 hivi, wakati ndege ile ilihitaji zisizopungua 3,500 ili imalize kitanzi salama. Iliangukia barabara ya A27. Waliokufa ni 11, na wote walikuwa nje ya uwanja: wengine wakipita na magari yao, wengine wamesimama kwenye njia panda kutazama. Waliolipa kiingilio walirudi nyumbani.

Ndani nako kumewahi kuwa kubaya, hasa pale kanuni ilipokuwa legevu au ilipovunjwa. Ramstein, Ujerumani, tarehe 28 Agosti 1988, ndege 10 za Italia zilikuwa zikichora moyo angani, na rubani mmoja alipaswa kuupita katikati akija uso kwa uso na umati. Tatu ziligongana, ile iliyokuwa ikija ikaangukia watu. Walikufa 70. Karibu na Lviv, Ukraine, mwaka 2002, ndege ya kivita ya Su-27 ilikata kona chini mno mbele ya watazamaji, ikaua 77. Marubani wake waliruka kwa miavuli wakapona. Jumlisha hayo matatu upate 158, na gaidi hayumo hata katika kifo kimoja.

Basi ingieni ndani, mkae sehemu ya katikati ya mstari wa watazamaji, si kwenye ncha. Ugaidi nao una hila zake za kukabili. Manchester, Mei 2017, mshambuliaji hakuingia ukumbini kwenye viti. Alisubiri mlangoni, onyesho lilipokwisha na watu wakaanza kumiminika. Msongamano wa kutoka ndio unaotafutwa. Ondokeni dakika 40 kabla ya ndege ya mwisho, au kaeni mnywe chai saa nzima baada yake. Mkifika tu, kijana aangalie njia mbili za kutokea na mpatane mahali pa kukutania mkipotezana. Namba yako aiandike kwenye karatasi, kwa sababu umati kama ule huulemea mtandao wa simu. Likitokea la kutokea, polisi wa Uingereza wanafundisha maneno matatu kwa mpangilio huu: kimbia, jifiche, toa taarifa, na namba ni 999. Mfuko ulioachwa peke yake mwambieni mlinzi, msiuguse. Halafu msisahau vifunika masikio vya kazi vyenye alama ya desibeli 25 au zaidi. Ndege ya kivita inayowasha moto wa nyuma hudhuru masikio mbele ya macho yenu, wakati bomu mnaliogopa tu.

Sasa shemeji. Hapa ulikosea wewe, tena ulikosea kwa jambo unalolijua kuliko yeye, na ndiyo maana linakera.

"Hayakosei" si kweli, na mtu wa ndege anatakiwa kujua kwa nini. Bomu la kuongozwa kwa mwanga wa leza hufuata doa la mwanga. Doa hilo lazima lishikiliwe juu ya shabaha mpaka bomu lifike. Wingu au moshi ukikatiza katikati, linapotea. Bomu la kuongozwa kwa satelaiti halijali wingu. Lenyewe linakwenda kwenye tarakimu za mahali lilizopewa, na mkengeuko wake ni wa mita chache. Lakini halina habari ndani ya jengo lile mna nani. Usiku wa tarehe 7 Mei 1999, B-2, ndege ya mabomu ya Marekani, ilidondosha mabomu matano Belgrade, yakafika sawasawa yalikoagizwa. Jengo lilikuwa ubalozi wa China. Waliolichagua walikuwa wakitafuta ofisi ya ununuzi wa silaha ya Yugoslavia, iliyo mita mia kadhaa kutoka hapo. Waandishi wa habari watatu walikufa. Kilichokosea ni anwani, mabomu yalitii.

Na ulilitamka hilo mbele ya mtu wa Yemen, ndugu yangu. Tarehe 8 Oktoba 2016, huko Sana'a, ukumbi uliojaa watu waliokuja matangani ulipigwa kutoka angani. Walikufa watu kama 140. Muungano ulioongozwa na Saudi Arabia wenyewe ulikiri baadaye kwamba ulipewa taarifa zisizo sahihi. Hapo napo bomu lilifika. Kumwambia mwenye jamaa Yemen kwamba wanaopigwa ni magaidi maana yake ni kumwambia waliokwenda kuhani msiba walikuwa magaidi. Hukukusudia, lakini ndivyo masikio yake yalivyolipokea.

Tena uzi huu unafika hadi uwanjani Fairford. Typhoon, ndege ya kivita inayokutoa machozi ikipanda wima, ni ndugu wa toka nitoke na Typhoon za Saudi Arabia, ambazo nyingi ziliunganishwa Warton, Lancashire. Serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ndege za kivita za Typhoon na Tornado ilizowauzia Wasaudi zilitumika Yemen. Juni 2019 Mahakama ya Rufaa mjini London iliamua kwamba serikali ilikosea kisheria, kwa kutoa leseni za silaha bila kupima kama mashambulizi yaliyopita yalivunja sheria za vita. Leseni zilirudi mwaka uliofuata. Mpenda ndege anayejua kasi ya kupaa ya Typhoon na asiyajue hayo, anaijua nusu ya ndege.

Je, tiketi yako inanunua bomu? La. Maonyesho ya Fairford yanaendeshwa na taasisi iliyo chini ya mfuko wa hisani wa jeshi la anga la Uingereza. Lakini usijifiche nyuma ya neno hisani. Onyesho ni tangazo: la kuajiri vijana wa umri wa mwanao, na la makampuni yenye mahema yao ya wageni rasmi pembeni. Ukilikana hilo mbele ya shemeji, atakuona mjinga au mwongo. Mwambie, ni kweli, ni tangazo, nami ninakwenda nikijua.

Hata njia yenyewe ya kurukia ina habari zake. Machi 2003, B-52, ndege kubwa za mabomu za Marekani, ziliruka Fairford kwenda kupiga Baghdad. Uzioni walisimama wapiga picha na waandamanaji, pengine kwenye tope lile lile. Tarehe 22 mwezi huo polisi walisimamisha mabasi matatu ya waandamanaji waliotoka London, wakawarudisha wote kwa nguvu, safari ya saa mbili na nusu bila kuruhusiwa kushuka; mwaka 2006 majaji wa juu kabisa wa nchi walisema ilikuwa kinyume cha sheria. Nayataja haya kwa sababu watu wa ndege hupenda kusema "sisi hatuna siasa". Uzio ule ule una siasa, uzipende usizipende.

Kuhusu kuingilia nchi za watu kijeshi, sikushauri uwe na jibu moja kwa vita vyote. Uliza mambo matatu kila mara: nani aliruhusu, kazi ilikuwa ikome lini, na ndege haziwezi kufanya nini. Libya 2011, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1973 tarehe 17 Machi kuwalinda raia. Siku mbili baadaye Tornado ziliruka kutoka Marham, Norfolk, safari ya kilomita kama 4,800 kwenda na kurudi, zikitupa makombora ya Storm Shadow, kila moja tani 1.3. Kwa mtu wa ndege ni kazi ya kuvuliwa kofia: kujazwa mafuta angani usiku, tena zaidi ya mara moja. Lakini ilikuwa ikome lini? Kazi ya kulinda raia iligeuka kuwa ya kuangusha serikali, na kamati ya mambo ya nje ya bunge la Uingereza ikaandika hivyo hivyo Septemba 2016, ikiongeza kwamba taarifa za awali hazikuwa sahihi. Iraq kuanzia 2014 ilikuwa kesi nyingine, serikali ya Iraq yenyewe iliomba msaada dhidi ya wapiganaji walioushika Mosul. Hata hivyo Mosul ulikombolewa Julai 2017 na askari wa miguu, nyumba kwa nyumba, na mji wa kale ukabaki vifusi. Ndege haiwezi kushika mtaa.

Nasi tuna yetu. Oktoba 2011 Kenya iliingia Somalia ikifuata Al-Shabaab, na ndege zetu za kivita za F-5 zilitumika. Tarehe 30 mwezi huo kambi ya waliokimbia makazi yao huko Jilib ilipigwa, kwa maelezo ya madaktari waliokuwa pale. Jeshi letu likasema lililolengwa ni Al-Shabaab. Ukiwa mkweli kuhusu Jilib, shemeji atakuamini ukizungumza habari za Sana'a.

Kumwendea, nenda peke yako, bila kijana na bila takwimu. Usianze na ndege. Anza na lile neno: "Nilisema hayakosei, si kweli, na nilikukosea wewe na jamaa zako." Kisha nyamaza. Usimwombe akubali burudani yako, hana deni hilo, na asipokuja tena mezani Julai mpaka tiketi zipite, mwache. Kama atauliza kwa nini bado unakwenda, mjibu ukweli wako wowote ulio nao. Usitafute uliotengenezwa na mtu wa matangazo.

Kwa kijana, ongeza safu katika daftari. Sasa bila shaka lina namba, aina na tarehe. Aongeze kikosi na "kazi iliyofanya". Haihitaji upelelezi, ndege zenyewe husema. Kwenye B-52, herufi MT mkiani ni kambi ya Minot, LA ni Barksdale. Chini ya dirisha la rubani, ndege zilizorudi vitani mara nyingi huwa zimechorwa vijibomu vidogo mstarini. Tornado za Libya zilikuwa navyo. Watu wengi huvipiga picha kama mapambo. Ahesabu, aandike ni vita gani, akasome usiku. Kijana wa miaka 15 anaweza.

La uzioni sasa. Kwa Uingereza, kupiga picha ndege ukiwa barabara ya umma si kosa lenyewe. Sheria ya ugaidi ya mwaka 2000, kifungu cha 43, inamruhusu polisi mwenye sababu ya kumshuku mtu kumpekua na kutazama picha zake, hairuhusu kuzifuta. Sheria ya usalama wa taifa ya 2023 nayo ina makosa yanayohusu kambi za jeshi. Juu ya hayo, Juni 2025 wanaharakati waliingia kambi ya Brize Norton usiku wakarusha rangi kwenye injini za ndege mbili za kujaza mafuta, na Brize Norton si mbali na kwenu. Usishangae walinzi wakiwa wakali. Awe na kitambulisho, asimame mahali ambapo wapiga picha wengine husimama, asiegemeze ngazi kwenye uzio, asizibe lango la dharura ambalo magari ya zimamoto hutokea. Akiulizwa, aonyeshe daftari na aeleze ndege aliyokuja kuitazama. Polisi huona upesi nani anazijua na nani anazisingizia. Picha za ndege zenye silaha zinazoondoka kazini asizitume mtandaoni siku hiyo, na azime alama za mahali kwenye kamera na simu. Mwaka 2003 runinga zilionyesha B-52 zikiruka, na safari ya Baghdad ilikuwa ya takriban saa 6. Aliyetaka kupiga hesabu alizipiga.

Skana ina sheria yake: kwa Uingereza, sheria ya mawasiliano ya redio ya 2006 inakataza kusikiliza mazungumzo yasiyokuhusu, hata kama zinauzwa dukani na nusu ya umati unazo. Hilo walio wengi hawalijui.

Nje ya Uingereza mchezo hubadilika. Novemba 2001 wapenda ndege 14, Waingereza 12 na Waholanzi 2, walikamatwa Kalamata, Ugiriki, baada ya kutembelea maonyesho ya jeshi. Walichokuwa nacho ni daftari za namba, kama la kwenu. Kwa Mgiriki aliyekuwa hajawahi kusikia kuna watu wanaokusanya namba za ndege kwa raha, daftari lile lilikuwa ujasusi. Walihukumiwa vifungo Aprili 2002, na rufaa ikawaachia Novemba. Mwaka mzima wa maisha.

Mombasa unakujua. Tarehe 28 Novemba 2002, siku hoteli ya Paradise ilipolipuliwa Kikambala, makombora mawili ya Strela ya kubebwa begani yalirushwa kutoka nje ya uwanja wa Moi kuilenga Boeing 757 ya Arkia iliyokuwa ndiyo kwanza inaruka na zaidi ya abiria 250. Yalikosa. Januari 2020 Al-Shabaab waliingia uwanja wa ndege za jeshi wa Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani watatu na kuchoma ndege. Kwa hiyo askari atakayemwona kijana kichakani Port Reitz na kitu kirefu begani, hata kiwe lenzi, ana haki ya kwanza kushtuka na baadaye kuuliza. Na sheria ya Kenya ya maeneo yanayolindwa iko upande wake.

Fanyeni hivi. Skana na droni vibaki Swindon. Kuingiza droni Kenya kunataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla hujafika, la sivyo itabaki forodhani. Ukitaka picha za uwanjani, omba kwa maandishi Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, wiki kadhaa mapema, ukitaja siku, saa na mahali. Wasipojibu, ichukulie kama hapana. Daftari la zamani liacheni nyumbani, anunue jipya tupu. Kambi za jeshi, Laikipia na Moi ya Eastleigh zikiwemo, asizielekezee hata simu. Zilizobaki ni ndege za abiria, ambazo ataziona vizuri zikishuka, akiwa barazani kwa jamaa wa Changamwe au Magongo, na wenye nyumba wakiwa wamekubali.